Daftari la Shule na Faragha ya Mwanafunzi: Kumbukumbu za Elimu Mbele ya Sheria katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro, 1893–2023

Utangulizi

Historia ya elimu katika Kilimanjaro imezoeleka kusimuliwa kama historia ya ushindani: misheni moja dhidi ya nyingine, mtaa mmoja dhidi ya mwingine, mkoa mzima dhidi ya taifa lililotaka kugawa nafasi za masomo kwa uwiano. Katika masimulizi hayo rejista ya shule hutumika kama chanzo tu. Mtafiti huhesabu majina, huandika jumla, kisha hulifunga daftari. Insha hii inalichukulia daftari lenyewe kuwa ndiyo mada. Inauliza nani aliamuru liandikwe, nini kiliandikwa humo juu ya mwanafunzi, na nani alikuwa na haki ya kulisoma.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sheria ilianza mapema kuamuru kumbukumbu za mwanafunzi ziwekwe, lakini ilichelewa mno kusema ni nani asizisome. Waliolipa gharama ya ucheleweshaji huo zaidi ya wengine ni wasichana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeliziba pengo kwa upande wa kumbukumbu zinazoandikwa sasa. Zile zilizokwisha kuandikwa ni jambo jingine, na ndizo ambazo sisi watafiti tunazishika mikononi.

Mregho na daftari

Kabla ya karatasi kufika mlimani, Wachagga walikuwa na kumbukumbu ya mafunzo iliyochongwa juu ya mti. Wazee waliowafunda vijana walitumia mregho, fimbo yenye alama zilizokatwa kwa mpangilio, kila alama ikimkumbusha mfundaji somo lake. Asiyefundwa aliiona fimbo, hakuona kitu kingine. Mafundisho yenyewe, hasa yale ya wanaume, yalilindwa kwa kiapo yasiwafikie wanawake wala wasiotahiriwa. Kwa maneno mengine, dhana ya elimu yenye mipaka ya wasomaji haikuletwa Kilimanjaro na mwanasheria yeyote.

Tofauti iliyo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba mregho uliandika somo, haukumwandika mwanafunzi. Daftari la shule lilifanya kinyume chake. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaenda Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kutangulia Kilema. Katika vituo hivyo shule na usharika havikutenganishwa. Mtoto aliyejifunza kusoma alikuwa pia mwanafunzi wa ubatizo, na mwenendo wake nyumbani ulihesabiwa pamoja na maendeleo yake darasani. Aliyemwandika alikuwa mwalimu wake, mchungaji wake na, mara nyingine, mwamuzi wake. Palipo na msomaji mmoja mwenye mamlaka yote hayo, swali la faragha halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Inafaa kusimama kidogo kwa Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Moshi ya Kale kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1932 na 1938 alichapisha Ujerumani, katika majuzuu matatu, mafundisho ya jando la Wachagga ambayo wazee walikuwa wakiyatoa kwa siri. Otto Raum, aliyezaliwa mlimani katika familia ya kimisionari na akafundisha Marangu, alitoa mwaka 1940 kitabu chake juu ya malezi ya mtoto wa Kichagga. Kazi hizo mbili zimeokoa elimu ambayo ingepotea, na hakuna mwanahistoria wa eneo hili anayeweza kuzikwepa. Hata hivyo, zimeiweka mezani mapema hali ambayo bado haijatulia: siri iliyotolewa kwa mtu anayeaminiwa ilihamia kwa wasomaji ambao mtoaji hakuwafikiria kamwe. Anayemhukumu Gutmann kwa urahisi na ajiangalie yeye mwenyewe anapofungua rejista.

Mahudhurio yenye thamani ya fedha

Utawala wa Kiingereza uliongeza msomaji wa pili. Baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 na sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927, shule za misheni zilizokidhi masharti ziliweza kupewa ruzuku, na masharti hayo yalihitaji ushahidi. Mkaguzi alitaka kuona majina, siku za kuhudhuria na madaraja. Katika Kilimanjaro, ambako Walutheri na Wakatoliki walishindana kujenga shule karibu kila mtaa, daftari liligeuka kuwa hoja: hawa hapa watoto wetu, tupeni fedha.

Uhuru haukubadili mantiki hiyo, ila uliipanua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule zilizokuwa zikipata ruzuku, na shule kama Umbwe ya Wakatoliki na Ashira ya Walutheri zikawa za umma pamoja na majalada yake. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya uandikishaji na mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima na kumwajibisha mzazi. Tangu hapo rejista ya mahudhurio ikawa pia kielelezo kinachoweza kupelekwa mahakamani dhidi ya baba au mama wa mtoto. Mzazi alisomwa humo. Yeye mwenyewe hakutajwa kama msomaji.

Novemba 1974

Tarehe hii inastahili kichwa chake. Mwezi huo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililofahamika kwa jina la mji huo. Pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, Azimio la Musoma lilibadili njia ya kuingia chuo kikuu. Kijana hakupaswa tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja. Alitakiwa kupita jeshi la kujenga taifa, kufanya kazi, na kuthibitishwa na mwajiri wake na chama. Katika shule za sekondari tathmini endelevu ilifuata, na ndani yake mwanafunzi alipimwa tabia na mtazamo wake kuhusu kazi. Hii ilikuwa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikitafutiwa vipimo.

Mwezi huohuo wa Novemba 1974, nchini Marekani, ilianza kutumika sheria ya haki za familia kuhusu kumbukumbu za elimu, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Agosti. Sheria hiyo ilimpa mzazi, na mwanafunzi akishafikisha miaka 18, haki ya kuliona jalada, kulipinga lililo na makosa, na kuzuia baadhi ya taarifa zisitolewe bila ridhaa. Ulinganisho huu haukusudii kusema kwamba upande mmoja ulikuwa na mwanga na mwingine giza. Musoma walikuwa wakijibu swali halali: je, elimu inayolipiwa na wakulima imzalishe bwana mkubwa? Lakini jibu lao liliweka neno la mwalimu na la katibu wa chama ndani ya jalada ambalo kijana mwenyewe hakuwa na haki ya kisheria kulifungua. Sifa mbaya iliyoandikwa kwa chuki, au kwa uvivu, haikuwa na mlango wa rufaa.

Kilimanjaro ilikuwa na sababu ya ziada ya kuliogopa jalada. Nafasi za kidato cha kwanza katika shule za Serikali ziligawanywa kwa mgao wa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyoachwa nyuma na wakoloni yapate haki yao. Mkoa uliokuwa na wahitimu wengi wa darasa la saba ukajikuta una watoto wengi waliofaulu na kuachwa. Jibu moja linajulikana sana: shule za binafsi, ambazo miaka ya 1980 zilichipuka mlimani kwa kasi ambayo Joel Samoff aliichunguza kwa kina. Jibu la pili halina vichwa vya habari. Watoto walirudia darasa la saba, na kwa kuwa mtahiniwa hakutakiwa kurudia, baadhi walirudia kwa jina la mwenzao aliyeacha shule. Desturi hii haikuwa ya Kilimanjaro peke yake, lakini mahali penye ushindani mkali ilikuwa na kishawishi kikali. Huko jina la daftarini liliachana na jina la nyumbani, na mtu akaishi maisha yake yote ya kazi akiitika jina la jirani.

Mkasa huo ulijitokeza upya mwezi Aprili 2017. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, uliofanywa kwa kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania, ulihitimishwa mjini Dodoma kwa ripoti iliyowataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076, yaani cheti kimoja kwa watu wawili au zaidi. Orodha za majina zikasambaa hadharani. Kughushi ni kosa, na mwajiri ana haki ya kujua. Hata hivyo, kumjulisha mwajiri ni jambo moja, na kuitangazia nchi nzima ni jambo la pili. Na wakati ule hapakuwa na sheria mahususi ya taarifa binafsi iliyotofautisha hayo mawili. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi kwa marekebisho ya mwaka 1984, ilitambua faragha ya mtu na kuitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Utaratibu wa jumla kuhusu taarifa binafsi ulipatikana baada ya miaka thelathini na minane.

Msichana katika rejista

Mwaka 2002 zilitolewa kanuni mbili chini ya Sheria ya Elimu, kwa Matangazo ya Serikali yenye namba zinazofuatana. Ya kwanza, Na. 294, inahusu adhabu ya viboko: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iingizwe kitabuni pamoja na jina la mwanafunzi, kosa lake na idadi ya viboko. Ya pili, Na. 295, inahusu kufukuzwa shule, na miongoni mwa sababu zake ni kosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa.

Kanuni hizi zikisomwa pamoja zinaonesha sura mbili za maandishi. Kitabu cha viboko kinamlinda mwanafunzi, maana mwalimu anayejua kwamba kiboko cha tano kitaonekana kwenye karatasi huenda akakiacha. Kumbukumbu hapa ni ngao, na mtetezi wa faragha anayetaka kila kitu kifutwe anapaswa kuikumbuka. Katika kanuni ya pili kumbukumbu ni hukumu. Neno mimba halikutajwa waziwazi. Lilisomwa ndani ya neno maadili, na usomaji huo ukawa desturi ya nchi nzima. Ili hukumu itekelezwe, ilibidi mwili wa msichana uchunguzwe. Katika shule nyingi wasichana walipimwa mimba kwa lazima, mara nyingine darasa zima kwa pamoja, na matokeo yakawafikia walimu kabla hayajamfikia mzazi.

Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu. Lengo lake lilikuwa kumkamata mwanamume: anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka thelathini. Lakini kifungu hicho kinamtaka pia kila mkuu wa shule kuweka kumbukumbu na kuwasilisha, kila baada ya miezi mitatu, taarifa ya kina ya matukio ya ndoa na mimba za wanafunzi pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Kifungu hakisemi jina la msichana liwekwe wapi, nani alione njiani kati ya shule na wilaya, wala libaki huko kwa muda gani. Sheria iliyotungwa kumlinda ilimtengenezea jalada. Katika jamii ya mlimani, ambako vihamba vimepakana na ukoo mmoja hujaza mtaa, karatasi ya namna hiyo haihitaji jina kamili ili imtambulishe mhusika. Darasa, kijiji na mwezi vinatosha.

Mtafiti anayetumia takwimu za elimu za Serikali atakuta sababu za wanafunzi kuacha shule zimepangwa kwa safu: utoro, mimba, vifo, ugonjwa na nyinginezo. Utoro huwa ndio wenye fungu kubwa. Wachambuzi wengi huulalamikia utoro kama neno lisilosema kitu, na kitakwimu wako sahihi. Mwandishi wa insha hii anaona kwamba neno hilo lingeweza pia kuwa huruma. Mwalimu aliyetakiwa kujaza safu, akijua kwamba safu moja inamfungia msichana mlango na nyingine inamwachia upenyo, alikuwa na uchaguzi ambao takwimu haziwezi kutuonesha. Kwa hiyo ukimya wa rejista usichukuliwe daima kuwa ni upungufu wa rejista.

Moshi yenyewe haikusubiri sheria. Maria Kamm, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana ya Weruweru kwa miaka mingi, alianzisha baadaye taasisi ya Mama Clementina iliyowafungulia masomo wasichana waliokatishwa shule, wakiwamo waliopata mimba. Mabadiliko ya kitaifa yalikuja kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliotangazwa mwezi Novemba, ulioruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo, kurejea katika mfumo rasmi. Mwezi Septemba 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi katika shauri lililofunguliwa mwaka 2019 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na kituo cha kimataifa cha haki za uzazi. Kamati iliona kwamba kupima mimba kwa lazima na kufukuza wasichana kunakiuka haki kadhaa za mtoto, ikiwamo faragha inayolindwa na ibara ya 10 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Kwa kadiri ya insha hii, umuhimu wa uamuzi huo ni kwamba swali la mimba shuleni, lililojadiliwa kwa miaka mingi kama swali la maadili, lilijibiwa kwa sehemu kama swali la taarifa: nani ana haki ya kujua.

Sheria mpya, madaftari ya zamani

Sheria ya mwaka 2022 inaihesabu taarifa inayohusu watoto kuwa ni taarifa binafsi nyeti, katika kundi moja na taarifa za afya. Kila anayekusanya au kuchakata taarifa hizo, na shule haiwezi kujitoa katika maelezo hayo, anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa na kuzilinda. Mhusika anaweza kuomba kuziona na kuomba zilizo na makosa zirekebishwe au zifutwe. Kilichotolewa kwa Mmarekani mwaka 1974 kimemfikia mwanafunzi wa Marangu na Kibosho.

Utekelezaji unakutana na mazoea. Matokeo ya mitihani hubandikwa ukutani, mwanafunzi akiwekwa katika nafasi yake kati ya wenzake. Orodha za waliochaguliwa kidato cha kwanza huwekwa mtandaoni zikiwa na majina na shule walizotoka. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora. Hatua hiyo ilipokelewa na wengine kama ushindi wa faragha, lakini sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba utaratibu huo hauna tija. Matunda ni yaleyale. Mzizi ni tofauti, na utaratibu uliofutwa kwa kukosa tija unaweza kurudishwa siku tija ikionekana.

Ugumu mkubwa zaidi uko nyuma yetu. Haki ya kurekebisha inahusu taarifa isiyo sahihi. Mwanamke aliyeandikwa mwaka 1990 kwamba amefukuzwa kwa sababu ya mimba hawezi kudai kwamba maandishi hayo ni ya uongo: alikuwa na mimba, na alifukuzwa. Kilichokuwa na kasoro ni kitendo, si maandishi yake. Mkuu wa shule naye hawezi kuuchana ukurasa huo, maana Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, inakataza kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini. Sheria hiyohiyo inazifungua kumbukumbu za umma kwa wasomaji baada ya miaka thelathini. Ikiwa msichana huyo alikuwa na miaka 16, rejista yake ilitimiza muda huo mwaka 2020, naye akiwa na miaka 46, pengine akiwa mama mwenye watoto katika shule ileile. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaruhusu taarifa kuzuiwa pale inapoingilia faragha ya mtu bila sababu, lakini uamuzi huo huachwa kwa afisa anayelishika jalada siku ile.

Miaka thelathini iliwekwa kwa kufikiria majalada ya utawala, ambayo wahusika wake walikuwa watu wazima walipoandikwa. Kwa rejista za shule kipimo kinachofaa zaidi ni umri wa binadamu: safu za sababu za kuacha shule, adhabu na tathmini ya tabia zifungwe kwa muda unaokadiriwa kuwa maisha ya mwanafunzi, huku safu za majumla zikiachwa wazi kwa hesabu. Vyuo vikuu havina haja ya kusubiri Bunge kwa sehemu inayovihusu. Mtafiti hupiga picha ukurasa wa rejista, huuambatisha mwishoni mwa tasnifu kama ushahidi, mtahini huridhika, na tasnifu huwekwa katika hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mwenye simu. Ukurasa uliokaa kabatini Old Moshi kwa miaka arobaini huwa umepata wasomaji wapya kwa siku moja. Kufunika majina kabla ya kuambatisha, na kumpa mtahini nafasi ya kuona nakala kamili ofisini peke yake, ni kazi ya saa chache, na inaweza kuanza na tasnifu zinazosubiri kutahiniwa muhula huu.